Karakana za mtaani nazo ni shule, zihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ya amali, yaani elimu ya ufundi na kazi za mikono, kwa kuwa imefika hadi mlangoni kwangu. Mimi ni fundi seremala. Nina karakana Keko, Dar es Salaam, tangu mwaka 1998, na ninafanya kazi na vijana sita na binti mmoja.

Mwezi Juni mwaka 2025, shule zikiwa zimefungwa, alinijia mwalimu wa sekondari moja akiwa na wanafunzi wanane wa kidato cha pili. Hawa ni wale wa mkondo wa amali, walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kutumika. Fani yao ni useremala. Mwalimu alinisalimia kwa heshima, akaniomba wanafunzi wake washinde kwangu wiki mbili waione kazi. Nikamuuliza shuleni wana nini. Akanivuta pembeni, wanafunzi wasisikie, akasema wana chumba kilichotengwa kiwe karakana, wana meza mbili za kazi na sanduku moja la vifaa. Mbao hawana.

Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja mrefu, daftari lake safi kabisa. Nililifungua. Kurasa kumi na moja amechora vifaa vya useremala kwa penseli, kila kimoja na jina lake la Kiingereza pembeni. Randa, kile kifaa cha kulainishia mbao, ameichora vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Ameonyesha ubapa wa chuma, kabari, hadi kishikio. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe hiyo randa hapo." Akaangalia meza, akasita, akanipa patasi.

Mtoto huyu si mjinga, na mwalimu wake si mzembe. Siku ya tatu nilikuwa nimempa kisogo, napima mguu wa kitanda, nikajua kwa masikio kwamba ameshaelewa. Randa ikifuata nyuzi za mti hutoa mlio mrefu, laini, na maranda hutoka yamejikunja kama utepe. Ikienda kinyume hukwaruza na kung'oa vipande. Siku ya kwanza alikuwa anang'oa. Siku ya tatu mlio ukabadilika, na alipogeuza ubao mwenyewe bila kuambiwa, nikaacha kupima nikamtazama. Alikuwa anapapasa ubao kwa kiganja anatafuta nyuzi zinaelekea wapi. Jambo hilo halimo katika zile kurasa kumi na moja, na mimi sijui namna ya kuliandika likaeleweka. Linafundishwa kwa ubao na kiganja.

Nimeisoma habari ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mapema mwaka 2025. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtoto akifika sekondari atakuta mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kushika msumeno, naona serikali inamwambia mzazi kwamba mtoto anayejifunza kutengeneza kitu hajafeli. Hilo peke yake ni kubwa. Ila mimi niliwahi kuishi ndani ya ahadi ya namna hii, ndiyo maana naandika.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1984 katika wilaya ya Mufindi. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi na mabanda ya kuku, kwa sababu tulikuwa watoto wa Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kijijini kwetu mwaka ule walichaguliwa wawili tu. Sisi wengine, waliotaka, tulipelekwa kwenye kituo cha ufundi kilichojengwa ubavuni mwa shule ya msingi, tusome useremala na uashi miaka miwili. Mwaka wa kwanza tulifurahi. Kulikuwa na misumeno mipya, jiriwa nne, keekee na gundi. Tulitengeneza stuli, nami ya kwangu nikampelekea mama. Mwaka wa pili misumeno ikawa butu na hakukuwa na tupa ya kuinolea. Mwalimu wetu wa useremala akahamishwa, hakuletwa mwingine. Akaja wa uashi kutushika wote, naye kwa kuwa hakuwa na la kufanya akawa anatuchorea kiti ubaoni kwa chaki, nasi tunakinakili. Msitu wa Sao Hill tulikuwa tunauona kwa macho, malori ya magogo yakipita mbele ya darasa, na sisi ndani tunachora kiti.

Nilipoliona daftari la yule kijana nilikumbuka chaki ile. Imepita miaka arobaini.

Mwisho wa miaka miwili tulipewa barua yenye muhuri wa shule, inayosema fulani amehudhuria. Hakukuwa na mtihani wala daraja. Nilikuja nayo Dar es Salaam mwaka 1987, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninayo. Aliyenifanya fundi ni mzee mmoja wa Buguruni, sasa ni marehemu, aliyenipokea nikiwa mfagia maranda. Mwaka wa kwanza ujira wangu ulikuwa chakula cha mchana na mahali pa kulala. Mwaka wa pili akaanza kunipa posho. Mwaka wa nne akanipa kabati la mninga nilitengeneze peke yangu kuanzia kupasua mpaka kupaka vanishi, mteja akaja akalichukua bila kujua halikupita mkononi mwa mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa mahafali yangu.

Wengi wa mafundi ninaowajua Keko na Buguruni, na wachomeleaji, mafundi magari na mafundi bomba pia, wamepitia njia hiyo. Karakana za mtaani zimekuwa zikifundisha ufundi nchi hii muda wote ambao sera zimekuwa zikija na kuondoka. Hazina bajeti, hazina mkaguzi, na hakuna takwimu ya elimu inayozihesabu. Nami nadhani huo ndio upungufu mkubwa uliobaki katika sera hii nzuri. Tunajenga karakana mpya shuleni, moja baada ya nyingine, kwa gharama kubwa, wakati hatua mia tano kutoka getini kuna karakana yenye mashine, mbao na mtu anayejua.

Sisemi mtaani kila kitu ni kizuri. Nimeona kijana anatumikishwa miaka sita ya kubeba mbao bila kufundishwa kukata kiungo hata kimoja, kwa sababu fundi anaogopa akijua ataondoka na wateja. Nimeona vidole viwili vya kijana wa jirani vikikatwa na mashine ya kupasulia isiyo na kinga. Vumbi la mbao tunalivuta wote. Kwa hiyo sidai tuachiwe watoto wa watu hivi hivi. Nadai tuje tukaguliwe, tuambiwe fundi huyu anafaa kufundisha na huyu hafai, mashine hii ni salama na hii hapana, halafu anayefaa aandikwe awe sehemu ya shule.

Sasa niseme kuhusu cheti, maana hapo ndipo elimu inapogeuka kuwa mkate au isigeuke.

Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, na 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20 pamoja na viti na meza. Mtaani kwetu watu walifurahi, kwa sababu kazi ile ilielekezwa kwa mafundi wa kawaida, kampuni kubwa zikakaa pembeni. Niliomba kutengeneza seti 100 za viti na meza za shule moja, yaani za madarasa mawili. Leseni ya biashara ninayo, namba ya mlipakodi ninayo, barua ya mtendaji ninayo. Kamati ikaniomba cheti cha ufundi. Nikawapeleka karakana wakaone kazi, wakaiona, wakaisifu, kisha wakaniomba cheti cha ufundi. Sikuwa nacho. Kazi ikapewa mtu mwenye cheti asiye na karakana, naye siku mbili baadaye akaniletea mimi. Mkataba wake ulikuwa shilingi 65,000 kwa seti, mimi akanipa 45,000. Tulikesha siku kumi na tisa, vijana wangu na jirani mchomeleaji aliyetengeneza fremu za chuma. Viti vilifika kwa wakati. Shilingi milioni mbili zilibaki kwa yule ambaye hakugusa hata msasa.

Sina kinyongo na kamati ile, walifuata walichoelekezwa. Ila milioni mbili zile zingeninunulia mashine ya kuranda, na mashine ile ingeajiri vijana wawili. Ndivyo fursa ya uchumi inavyopotea kwa mtu wa chini. Ujuzi ulikuwepo na kazi ilikuwepo, kilichokosekana katikati ni karatasi.

Nina kijana wangu mmoja kutoka Kilosa, amekuwa nami miaka kumi na minne. Mwaka 2019 taasisi moja ilitangaza nafasi ya fundi wa matengenezo. Alikwenda, wakamjaribu kwa mlango uliokuwa umevimba haufungi, akaushusha, akauranda ubavu, akahamisha bawaba, akaufunga kwa kidole kimoja. Wakampongeza. Walipofika kwenye fomu wakamuuliza cheti, akarudi Keko na suruali yake ya usaili amekalia benchi hadi jioni hasemi kitu.

Mwaka 2022 tulisikia kwamba VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, inapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Wanaita urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Tulikwenda pamoja, mimi na yeye. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Nilipata mashaka njiani, nikajiuliza mzee mzima naenda kupimwa nini. Mtathmini alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, akanipokea vizuri, akaniita "fundi" tangu salamu. Alituuliza maswali kwa Kiswahili: kwa nini mbao mbichi ya paini ikitengenezewa mlango hupinda, unaanzia wapi kupima fremu, unafanya nini mashine ikianza kutoa moshi. Halafu akasema kila mmoja atengeneze droo.

Tulitengeneza. Alizunguka na karatasi yake hasemi neno. Mwisho akaishika droo ya kijana wangu, akaisukuma ndani kwa ncha ya kidole, ikaingia taratibu na kutoa pumzi ndogo kwa nyuma, ile pumzi inayotoka droo ikikaa sawasawa pande zote na hewa haina pa kupita. Akaitoa, akairudisha tena. Ndipo akatabasamu. Akaandika.

Tulipata vyeti vya daraja lilelile, mimi na mwanafunzi wangu. Sijawahi kuona haya kwa hilo. Alipokishika alikuwa anakigeuza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kama jina ni lake kweli. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliporejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, kikundi chake cha vijana kikaambatanisha vivuli vya vyeti kwenye andiko la mradi. Walipata. Wana mashine ya kuranda yao sasa, wamepanga eneo upande wa pili wa barabara, na mimi nawapelekea mbao zangu kuranda kwa sababu ya kwangu ni ya zamani.

Kwa hiyo njia ipo. Tatizo ni kwamba tulisikia kwa bahati, kutoka kwa mteja, na sisi tuko Keko, ambako chuo cha VETA Chang'ombe tunakifikia kwa mguu. Fundi wa Ifakara au Namtumbo atasikia kwa nani? Nauli na siku za kazi atakazopoteza atalipwa na nani? Waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu mwaka 2023. Sisi wenye watu chini ya kumi haitugusi, na nashukuru. Lakini ningependa kuona sehemu ya fedha hiyo, hata ndogo, inampeleka mtathmini mtaani mara mbili kwa mwaka, tarehe zikibandikwa ofisi ya mtendaji wa kata kama yanavyobandikwa matangazo ya chanjo.

Nimemtaja binti. Alikatishwa shule mwaka 2019 akiwa kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito, wakati ambapo ukipata mimba shule za serikali hazikupokei tena. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa, wizara ikasema wasichana waliojifungua warudi. Yeye wakati huo alikuwa na mtoto anayetembea na kodi ya chumba. Aliniambia, "Baba, nikikaa darasani mchana, huyu atakula nini?" Sikuwa na jibu, nikampa kazi ya msasa. Leo hakuna anayemfikia hapa kwa kuvisha makochi. Kona anazishona kwa mkono na mshono hauonekani. Kwa mtu kama yeye, sera inayosema "rudi shule" haitoshi. Inabidi shule imfuate pale alipo, saa za jioni, na ipime kile anachokijua tayari badala ya kumwanzisha upya kama hajui kitu.

Na kuhusu lugha, naomba wahusika wanielewe, simpigi vita Mwingereza. Yule kijana wa daftari atahitaji Kiingereza siku akisoma maelekezo ya mashine iliyotoka nje. Lakini masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, na kazi yote ya useremala nchini inafanyika kwa Kiswahili. Duka la vifaa ni Kiswahili, mteja ni Kiswahili, onyo la "toa mkono!" linapigwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa amali afundishwe fani yake kwa maneno ya karakana, aongezewe na yale ya Kiingereza, na apimwe kama nilivyopimwa mimi. Yule mtathmini asingeijua akili ya kijana wangu wa Kilosa kama angemuuliza kwa lugha ya kuomba msamaha kila sentensi.

Kuna jambo linanikosesha usingizi zaidi, nalo lina tarehe. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja. Madarasa yatajengwa, tumeshaona nchi hii ikiamua inajenga. Lakini meza za kazi, jiriwa, randa, na mwalimu anayejua mlio wa randa, hivyo havijengwi kwa miezi mitatu. Wasipopatikana, nusu ya watoto wale watasoma amali ubaoni kama nilivyosoma mimi mwaka 1986.

Ndiyo maana naomba mazungumzo yaanze sasa kati ya shule na karakana zilizo jirani nazo. Shule ije na makubaliano ya maandishi. Mtoto awe na bima, awe na miwani ya kazi na viatu vilivyofunika vidole. Mbao atakazoharibu, na lazima aharibu, shule izilipie. Wale wanane kwa wiki mbili waliniharibia mbao kumi na moja za paini, nikazibeba mwenyewe, lakini si kila fundi ana uwezo huo na si haki kumtegemea kwa huruma. Fundi apimwe, apewe mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha, alipwe posho inayoeleweka. Mwalimu awe anafika na yeye, ajifunze papo hapo bila kuona aibu, kama alivyofanya huyu aliyenijia, aliyevua koti siku ya pili na kushika msumeno.

Stuli zilizotengenezwa na wale wanafunzi ziko nane, nimezipanga ukutani. Moja inayumba. Mwenye nayo ni yule mrefu wa daftari, aliukata mguu mmoja mfupi siku ya mwisho, gari la kuwarudisha likawa limeshafika. Nilimwambia aiache, asiirekebishe kwa haraka. Mwalimu amenipigia simu juzi anaomba waje tena likizo ijayo. Nimemjibu waje wote, ila safari hii aje na barua ya shule yenye muhuri, inayosema wanakuja kusoma.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam.